Ushindi 11 mfululizo wa Houston Rockets: vijana walikua, au ratiba iliwabeba?

Kuanzia tarehe 8 hadi 29 Machi 2024, Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, ilicheza mechi 11 na kushinda zote. Kabla ya hapo ilikuwa imeshinda 27 na kufungwa 35, na mashabiki wake wengi walishakata tamaa na msimu. Machi ilipokaribia kwisha rekodi ilikuwa 38 kwa 35, na timu ilikuwa inapumua kisogoni mwa Golden State Warriors kwenye kugombea nafasi ya 10 ya Kanda ya Magharibi, nafasi ya mwisho inayokuruhusu kupigania tiketi ya mchujo (playoffs). Tena mechi tisa za mwisho kati ya hizo ilizishinda bila Alperen Şengün, mchezaji wake bora wa msimu, aliyeumia kifundo cha mguu na goti kule Sacramento tarehe 10 na asicheze tena hadi msimu ukaisha.

Huku Afrika Mashariki mechi za Houston huanza saa tisa au saa kumi usiku, kwa hiyo wengi wetu tuliufuata mfululizo ule asubuhi, kwa matokeo na vipande vya video. Na vipande vya mwezi ule vilikuwa vya Jalen Green: pointi 42 Washington, 41 dhidi ya Utah, 37 Oklahoma City kwenye mechi iliyokwenda hadi dakika za nyongeza. Kwa mwezi mzima alifunga wastani wa zaidi ya 27. Kundi moja likasema hakuna cha kujadili tena: kijana wa miaka 22 ameiva, na timu imeiva naye. Wapo waliofika mbali zaidi na kudai kwamba Şengün ndiye aliyekuwa anamzibia Green njia, kwamba timu inacheza vizuri asipokuwepo, na bora auzwe. Kundi la pili likajibu kwamba hawa vijana wamebebwa na ratiba. Tazameni wamemfunga nani.

Msimamo wangu niuweke mapema. Rockets ya msimu ule ilipanda kweli, na ilipanda sana. Ila mechi zile 11 ndizo zilizokuwa ushahidi dhaifu kuliko wote uliokuwepo mezani, na mchezaji aliyeshangiliwa kwa ajili yake hakuwa ndiye aliyeipandisha timu. Pande zote mbili zilibishana juu ya wiki tatu, wakati jibu lilikuwa limelala kwenye miezi iliyotangulia.

Kupanda kwa karatasi

Ili uone timu ya vijana inavyoweza kukudanganya, anzia Januari 2021. Nyota wake James Harden aliondoka kwenda Brooklyn, na Houston ikaamua kuanza upya na watoto. Kocha alikuwa Stephen Silas. Msimu ule, uliofupishwa hadi mechi 72 kwa sababu ya Korona, timu ilishinda mara 17 tu, na ndani yake kulikuwa na vichapo 20 mfululizo. Ikaambulia chaguo la pili la drafti (zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua wachezaji chipukizi, ambamo timu dhaifu hupata nafasi bora ya kuchagua mapema), ndiye Green, na siku hiyohiyo ikampata Şengün aliyechaguliwa nafasi ya 16. Msimu uliofuata ilishinda mechi 20. Mwaka 2022 akaja Jabari Smith Jr. kwa chaguo la tatu, pamoja na Tari Eason, na msimu wa 2022/23 ukaisha kwa ushindi wa mechi 22.

Kumi na saba, 20, 22. Mtu anayeipenda timu anaiona ngazi hapo, na kuna watu walioitetea ngazi hiyo kwa dhati kabisa. Ukikumbuka kwamba 17 ilitoka kwenye mechi 72, kasi ya ushindi ni asilimia 24, kisha 24, kisha 27. Bado inapanda kidogo.

Lakini kipimo cha kwanza ninachokiamini kwa timu yoyote changa ni tofauti ya pointi: wastani wa pointi unazofunga kwa mechi, toa unazofungwa. Ushindi wa pointi 1 na ushindi wa pointi 30 huhesabiwa sawa kwenye msimamo wa ligi, ilhali ule wa kwanza ungeweza kwenda upande wowote. Tofauti ya pointi haikubali kudanganywa kirahisi namna hiyo. Na ya Houston kwa misimu hiyo mitatu ilikuwa hasi 7.9, hasi 8.5, hasi 7.9. Miaka mitatu, makocha wasaidizi, vijana watano au sita waliochaguliwa juu kwenye drafti, na timu ilikuwa imesimama palepale ilipoanzia. Ngazi ile ya 17, 20, 22 ilikuwa upepo tu.

Wakati huohuo takwimu za mchezaji mmojammoja zilikuwa zinapendeza. Green alipanda kutoka wastani wa pointi 17.3 mwaka wake wa kwanza hadi 22.1 mwaka wa pili. Kwa maoni yangu hapa ndipo mashabiki wengi wa timu changa wanapopotea. Timu inayofungwa mechi 60 nayo hufunga pointi zaidi ya 110 kila usiku, na pointi hizo lazima ziandikwe kwenye jina la mtu. Kijana mwenye kipaji akiachiwa mpira bila mtu mzima wa kumnyang'anya, atafunga. Swali ni kama pointi zake zinaisogeza timu, na kwa Houston ya 2022/23 jibu lilikuwa wazi. Ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima kwa usahihi wa mitupo ya pointi tatu, asilimia 32.7. Ilipoteza mpira kama mara 16 kwa mechi. Ulinzi wake ulikuwa mkiani au jirani kabisa na mkia.

Sipendi kumtupia Silas lawama zote. Alipewa kundi la vijana wa miaka 19 na 20 ambao kila mmoja alikuwa anapigania mkataba wake ujao, na karibu hakukuwa na mkubwa uwanjani wa kuwaonyesha mahali pa kusimama. Kwenye mpira wa kikapu mlinzi mmoja akichelewa hatua moja, wenzake wanne wote wanalazimika kuhama, na mmoja kati yao atamwacha mtu peke yake kwenye kona. Jambo hilo halifundishiki kwa maneno pembeni mwa uwanja. Linahitaji mtu anayepiga kelele akiwa ndani ya mchezo, aliyewahi kuona hali hiyohiyo mara elfu.

Kilichobadilika

Aprili 2023 Houston ilimchukua kocha Ime Udoka, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameifikisha Boston Celtics fainali, kisha akasimamishwa msimu mzima kwa kukiuka kanuni za klabu. Baba yake ni Mnigeria, naye mwenyewe aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Nigeria, jambo ambalo mashabiki wa bara hili walio na kumbukumbu ya Hakeem Olajuwon na makombe ya 1994 na 1995 hawakulipita hivihivi. Meneja mkuu Rafael Stone akafungua pochi: karibu dola milioni 130 kwa miaka mitatu kwa Fred VanVleet, bingwa wa 2019 na Toronto, na zaidi ya milioni 80 kwa miaka minne kwa Dillon Brooks, mkabaji aliyetoka kuchaguliwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Akaongezwa Jeff Green, mzee wa miaka 37. Kwenye drafti akaja Amen Thompson kwa chaguo la nne, na Cam Whitmore kwa la 20.

Kuna kitu kingine ambacho mijadala mingi huisahau. Chaguo la Houston lenyewe la drafti ya 2024 lilikuwa linadaiwa na Oklahoma City, isipokuwa kama lingeangukia kwenye nne za juu. Maana yake, kwa mara ya kwanza tangu Harden aondoke, klabu haikuwa na faida kubwa ya kufungwa. Misimu mitatu ya nyuma, kila kichapo kilikuwa na tumaini lake la drafti. Safari hii kichapo kilikuwa kichapo.

Tazama matokeo ya msimu mzima: ushindi 41, vichapo 41, nafasi ya 11. Ligi ilipoisha, wakosoaji wa timu waliisoma rekodi hiyo kama wastani wa kawaida. Mimi naisoma hivi. Tofauti ya pointi ilitoka hasi 7.9 hadi chanya 1.1. Hiyo ni pointi 9 kwa kila mechi, ndani ya msimu mmoja. Mpira uliopotezwa ulishuka kutoka kama 16 hadi kama 13. Usahihi wa pointi tatu ulipanda hadi zaidi ya asilimia 35. Pointi walizofungwa zilishuka kutoka 118.6 hadi 113.2, na ulinzi ukaruka kutoka mkiani hadi miongoni mwa kumi bora.

Wachambuzi wana kanuni nyepesi: katika msimu wa mechi 82, kila pointi 1 ya tofauti kwa mechi ni kama ushindi 2.6 juu au chini ya nusu, yaani juu au chini ya 41. Ijaribu kwa Houston. Hasi 7.9 inakupa ushindi 20 au 21, nao walishinda 22. Chanya 1.1 inakupa karibu 44, nao walishinda 41. Kwa hiyo rekodi ya 41 kwa 41 iliificha timu. Walicheza vizuri zaidi ya msimamo ulivyoonyesha, kinyume kabisa cha miaka ya Silas ambapo msimamo ulionyesha hatua ambayo haikuwepo.

Sasa turudi kwenye zile 11

Wakosoaji walikuwa na hoja, na ni haki kuipa uzito wake. Kati ya mechi zile 11, saba zilikuwa dhidi ya Portland mara mbili, Washington mara mbili, Utah mara mbili, na San Antonio mara moja. Timu hizo nne zilimaliza msimu na ushindi 21, 15, 31 na 22. Ni vibonde wa msimu. Mechi ya San Antonio iliisha 103 kwa 101, ya mwisho ya Utah 101 kwa 100. Mitupo miwili ikienda vingine, hakuna mfululizo wa 11, na hakuna mtu anayepiga simu redioni kutaka Şengün auzwe.

Kisha angalia kilichofuata. Tarehe 31 Machi Dallas ikawafunga. Minnesota ikawafunga. Golden State, timu ileile waliyokuwa wakiifukuzia, ikaja Houston tarehe 4 Aprili na kuondoka na ushindi wa 133 kwa 110. Miami ikawafunga usiku uliofuata, na Dallas ikawafunga tena. Vichapo vitano mfululizo, vyote kutoka kwa timu zilizomaliza na ushindi 46 au zaidi, na ndoto ya mchujo ikaishia hapo. Walipokutana na vigogo, vijana walirudi kuwa vijana.

Hata hivyo hoja ya ratiba ina tobo lake. Miaka mitatu Houston yenyewe ndiyo iliyokuwa kibonde. Kumfunga kibonde kwa pointi 23, kama walivyofanya Washington, au 28 kama walivyomfanyia Utah nyumbani, ni kazi ambayo Rockets ya 2022/23 haikuiweza kwa mpangilio wowote. Ndani ya zile 11 kulikuwa pia na Cleveland iliyofungwa kwa pointi 14, Sacramento iliyofungwa kwake, na Oklahoma City iliyomaliza kinara wa Magharibi. Zaidi ya nusu ya mechi zile zilichezwa ugenini, na hilo ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ugenini ndipo palipokuwa na ugonjwa wao.

Ugonjwa huo unastahili aya yake. Msimu wa 2023/24 Houston ilishinda 29 na kufungwa 12 nyumbani. Ugenini ilishinda 12 na kufungwa 29. Ni rekodi mbili zinazotazamana kama uso na kioo. Mwaka uliotangulia zilikuwa ushindi 14 nyumbani na 8 ugenini. Hesabu utaona kwamba sehemu kubwa ya nyongeza ya ushindi ilitokea chini ya paa lao wenyewe. Timu changa ina tabia hiyo: ulinzi ni kazi ya kelele na nguvu, na nyumbani kelele na nguvu unapewa na watu elfu kumi na nane. Ugenini, robo ya nne, mwenyeji akipata pointi nane za harakaharaka na ukumbi ukaamka, mtu wa miaka 20 huanza kurusha mapema. Kwa hiyo kama ningeulizwa mwezi ule wa Machi kitu gani cha kufuatilia, nisingetaja pointi za Green. Ningesema hesabuni ushindi wa ugenini. Angalau nusu ya ushindi wote wa ugenini wa msimu ule ulitoka ndani ya zile mechi 11, na hilo kidogo lilinipa matumaini kwamba kuna jambo linaanza.

Na Green? Alikuwa na mwezi wa ajabu. Bila Şengün kusimama karibu na kikapu, eneo la ndani lilibaki wazi, Jabari Smith akavuta mrefu wa wapinzani nje hadi mstari wa pointi tatu, Amen Thompson akawa anamwekea Green kizuizi na kukimbilia kikapuni, na Green mwenye mbio zake akapata barabara. Ilikuwa na mantiki kabisa kimchezo, na Udoka anastahili sifa kwa kuiona haraka. Lakini msimu wake mzima uliisha kwa wastani wa pointi 19.6, chini ya 22.1 ya mwaka uliotangulia, na usahihi wake wa pointi tatu ulikuwa asilimia 33 tu. Mwezi mmoja mzuri ndani ya miezi sita ni jambo la kulitambua. Kuujengea timu ni jambo jingine.

Waliokua na walionunuliwa

Swali gumu kuliko la ratiba ni hili, na nashangaa kwamba halikuulizwa kwa sauti: je, ni timu iliyopanda, au ni vijana waliokua? Hayo ni mambo mawili. Ukiwaingiza VanVleet na Brooks kwenye kikosi cha vijana waliosimama palepale, timu itapanda hata kama hakuna kijana aliyejifunza chochote. VanVleet peke yake anatosha kueleza sehemu kubwa ya mipira iliyoacha kupotea. Brooks alichukua kazi ya kumkaba mfungaji mkali wa wapinzani kila usiku, kazi ambayo kabla yake iliangukia kwa kijana yeyote aliyekuwa karibu. Mfano wa Detroit unasaidia. Msimu uleule wa 2023/24, Detroit Pistons, nayo timu ya vijana yenye Cade Cunningham aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya Green, ilifungwa mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14. Mwaka uliofuata ilileta kocha mpya na wazoefu kama Tobias Harris na Tim Hardaway Jr., ikashinda 44. Wakubwa uwanjani hubadilisha mambo haraka.

Kwa hiyo inabidi umtazame kijana mmojammoja na kuuliza kama amebadilika katika mambo ambayo mkubwa hawezi kumfanyia. Jabari Smith alibadilika: usahihi wake wa mitupo yote ulipanda kutoka asilimia 40.8 hadi 45.4, wa pointi tatu kutoka 30.7 hadi 36.3. Unaweza kusema VanVleet alimpa pasi bora, na ni kweli, lakini mtupo anaurusha mwenyewe. Şengün alibadilika zaidi ya wote: kutoka pointi 14.8 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 3.9 hadi pointi 21.1 na asisti 5, na timu ikapanda huku mpira ukipitia mikononi mwake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya takwimu zake na zile za Green wa 2022/23. Za Green zilikua timu ikiwa imelala. Za Şengün zilikua pamoja na timu.

Thompson alikuwa kesi ya kipekee. Hakuweza kurusha kwa mbali, na watu waliokuwa wakihesabu pointi walimwona wa kawaida, 9.5 kwa mechi. Ila kila mpinzani aliyekabwa naye alionekana anahangaika, na alichukua ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) 6.6 akiwa mlinzi wa pembeni. Nilimpenda mapema kuliko wengi, na ndiye aliyenifanya niamini kwamba ulinzi ule haukuwa mali ya Brooks na VanVleet pekee.

Msimu uliojibu

Mjadala wa aina hii hutatuliwa na mwaka unaofuata. Msimu wa 2024/25 Houston haikununua mtu mkubwa. Iliingia na kikosi karibu kilekile, ikimwongeza Steven Adams ambaye alikuwa amekosa msimu mzima kwa jeraha, na Reed Sheppard, kinda wa drafti aliyecheza kidogo. Ilishinda mechi 52 na kumaliza ya pili Magharibi. Tofauti ya pointi ilikuwa chanya 4.5, na kanuni yetu ya 2.6 inatoa ushindi kama 53. Safari hii karatasi na uwanja vilikubaliana.

Nyumbani walishinda 29 na kufungwa 12, sawasawa na mwaka uliotangulia. Ugenini walitoka 12 hadi 23. Nyongeza yote, mechi 11 kamili, ilitoka ugenini. Na wafungaji wakubwa wa klabu walionunuliwa hawakuwa ndio sababu: VanVleet alishuka hadi pointi 14 kwa mechi. Thompson aliingia kikosi cha kwanza Smith alipovunjika mkono mwezi Januari na hakutoka tena. Mwisho wa msimu akachaguliwa kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi nzima, akiwa na miaka 22. Şengün akaitwa kwenye mechi ya nyota. Ulinzi ukaingia tano bora. Kama 2023/24 ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wakubwa walionunuliwa, 2024/25 ilikuwa ya vijana wenyewe.

Kisha wakakutana na Golden State kwenye mchujo, raundi ya kwanza, na mjadala ukafunguliwa upya kwa siku chache. Walipoteza ya kwanza nyumbani 95 kwa 85. Green akafunga 38 kwenye ya pili, na mitandao ikarudi Machi 2024 kwa usiku mmoja. Wakawa nyuma kwa ushindi 3 kwa 1, wakati anayetangulia kufika 4 ndiye anayesonga mbele, wakafukuzia hadi mechi ya saba, wakafungwa 103 kwa 89 mbele ya watu wao. Buddy Hield aliwatia pointi 33. Green alipata 8. Wastani wake wa mechi zote saba ulikuwa pointi 13, na zile 38 zikiwa ndani yake.

Wapo waliosema kichapo kile kilithibitisha kwamba timu haikuwa imefika. Sikubaliani nao. Kundi la vijana katika mchujo wao wa kwanza liliwalazimisha nyota wa Golden State, Stephen Curry na Jimmy Butler, kucheza mechi saba. Lililokosekana lilionekana wazi: hakukuwa na mtu wa kutegemewa kufunga pale mchezo unapofungwa na kila mtu anakabwa. Mfungaji huyo ndiye ambaye mashabiki walidhani wamempata Machi ya mwaka uliotangulia.

Uongozi ulikuwa umetoa kura yake kimyakimya kabla ya hapo. Oktoba 2024, siku za kusaini mikataba mipya, Şengün alipewa miaka mitano ya dola milioni 185. Green alipewa mitatu, karibu milioni 106. Klabu inayoamini kwamba mechi zile 11 zilimzaa nyota haimpi miaka mitatu. Kiangazi cha 2025 Smith akaongezewa mitano kwa milioni 122, Thompson akabaki, na Green na Brooks wakapelekwa Phoenix ili nyota Kevin Durant aje, pamoja na chaguo la 10 la drafti ambalo Phoenix walilitumia kumchukua Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala.

Kati ya vijana wa wakati ule, waliobaki Houston kiangazi hicho walikuwa Şengün, Thompson, Smith na Eason. Hakuna hata mmoja wao aliyeshangiliwa kama Green kwenye vichwa vya habari vya Machi 2024, na Şengün na Eason mechi nyingi za mfululizo ule wa 11 walizitazama wakiwa wamevaa nguo za kawaida.